Kupanga nyumba Kibaha ukiwa na gari: gereji ya ukuta, banda la mabati, geti la pamoja au kulaza gari kwa kulipia

Dalali wa Kibaha akikwambia "paking ipo", anamaanisha kuna ardhi ambayo gari linaweza kusimama. Hajakwambia kama geti linapitisha gari lako, kama ardhi hiyo ni yako au ya wapangaji sita, wala kama utatoka saa kumi na moja alfajiri bila kumgongea jirani mlango asogeze lake. Kwa anayelala Kibaha na kufanya kazi Posta, Kariakoo au Mikocheni, hilo la mwisho ndilo analolipia kodi. Paa juu ya gari ni jambo zuri, ila linakuja la tatu au la nne.

Chunga na neno lenyewe. Ukimwomba dalali nyumba "yenye gereji", wapo watakaodhani unatafuta pa kufungulia karakana, kwa sababu mtaani gereji ni kwa mafundi. Sema "banda la gari lenye mlango" kama unataka chumba cha gari, au "kibanda cha gari" kama paa linatosha, na utaje gari lenyewe: IST, Noah, Harrier, pikapu. Dalali mwaminifu akijua gari lako hatakuzungusha kwenye nyumba tano ambazo Noah haipiti getini. (Asiye mwaminifu atakuzungusha, maana wengine wanaishi kwa ile hela ya kuonyeshwa.)

Kati ya Kiluvya na Mlandizi utakutana na mipango minne. Ya kwanza ni nyumba nzima yenye gereji ya kujengwa: kuta, paa na mlango wa kufunga. Ya pili ni nyumba nzima ndani ya fensi, gari linalala chini ya banda la mabati. Ya tatu ni apatimenti au nyumba kadhaa ndani ya fensi moja, geti moja, uwanja mmoja wa wote. Ya nne ni nyumba isiyo na nafasi ya gari kabisa, unalilaza kwingine na kulipia kwa usiku au kwa mwezi.

Njia kwanza, nyumba baadaye

Gari linachakaa kati ya lami na geti kuliko likiwa limelala, kwa hiyo pima njia kabla ya vyumba. Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara ya Morogoro ilipanuliwa kuwa ya njia nane, kilomita 19.2, na upana huo unaishia Maili Moja. Ukipanga ukishapita hapo, yaani Kwa Mathias, Picha ya Ndege, Kongowe au Visiga, asubuhi yako inaanza nyuma ya malori yanayotoka Zambia, Kongo na Rwanda kuelekea bandarini. Nyumba ileile mbele ya Maili Moja huwa ina bei ya kuvutia zaidi, na hiyo ni mojawapo ya sababu.

Angalia na upande. Tunaendesha kushoto, nyumba iliyo kushoto kwako unapoelekea Dar inakuingiza barabarani kwa kona moja tu. Iliyo kulia inakutaka uvuke, au uende kinyume ukageuzie mbele. Jioni mambo yanageuka, lakini jioni ukichelewa dakika ishirini hakuna bosi anayekusubiri nyumbani.

Kisha nenda na gari lako. Usikubali kupakiwa kwenye bodaboda ya dalali. Bodaboda hupita pembeni ya shimo. Gari lina magurudumu manne na halina pembeni. Pale unapoacha lami, weka kilomita kwenye sifuri na usome ukifika getini. IST ina takribani sentimita 15 tu kati ya tumbo lake na ardhi, na korongo lililochimbwa na maji katikati ya njia, au ukingo wa kalavati uliobaki wazi, unatosha kugusa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Vinavyoanza kufa huko chini ya gari ni stabilaiza linki, halafu bushi za kontroli amu, halafu shokapu. Ukianza kusikia "ko-ko-ko" mbele baada ya miezi miwili ya kuhamia, tatizo si fundi wako, ni njia uliyopanga.

Udongo nao una tabia zake. Kichanga kikikauka kinameza magurudumu membamba kwenye kona na kwenye kilima. Mfinyanzi ukilowa unateleza kama sabuni, na gari linatoka kwa kusukumwa. Nusu kilomita ya moramu iliyoshindiliwa ni bora kuliko mita mia mbili za mfinyanzi. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na nyumba nyingi huonyeshwa katikati ya hapo, wakati ambapo tatizo pekee linaloonekana ni vumbi. Kwa hiyo ongea na vijana wa kijiwe cha bodaboda kilicho karibu, na usiwaulize kama njia inapitika, maana watakwambia inapitika. Waulize, "Mwezi wa nne gari ndogo huwa zinaachwa wapi?" Wakikutajia duka au mti fulani bila kufikiri, umeshajua.

Gereji ya ukuta: nzuri kwenye picha, pima kwa futi

Nyumba za namna hii si nyingi, na nyingi kati ya zilizopo zilijengwa na mwenye nyumba akitaka kuishi mwenyewe. Hapo ndipo shida ya kwanza inapoanzia: gereji imegeuka stoo yake. Utakuta mifuko ya saruji iliyoganda, milango ya zamani, vigae vilivyobaki, pengine na kuku. Atakwambia "nitavitoa wiki ijayo". Usilipe mpaka vitoke, au kodi ipungue kwa kiasi mtakachoandika, kwa sababu wiki ijayo ya mwenye nyumba aliyeshapokea miezi sita haina tarehe.

Shida ya pili ni vipimo. Nenda na futi ya mita 5. Noah ya kizazi cha pili ina urefu wa kama mita 4.6, upana wa mita 1.7 bila vioo, na kimo cha mita 1.85. Ongeza sentimita 60 za kufungua mlango wa dereva na 30 upande wa pili ili kioo kisikwaruze ukuta: tayari umefika mita 2.6 za upana wa ndani. Urefu nao, ukiacha nafasi ya kupita mbele na ya kufunga mlango nyuma, haupungui mita 5.6. Gereji ya mita 3 kwa 6 inakaa vizuri kwa gari lolote la familia. Iliyo mita 2.4 kwa 5 ni ya IST, na dereva mwembamba. Pikapu ya kebini mbili, ambayo hupita mita 5.2, itabaki mkia nje.

Kimo ndicho kinachowakamata wengi. Mafundi wetu humwaga linta ya gereji (boriti ya zege juu ya mlango) kwenye mstari mmoja na linta za milango ya nyumba, yaani mita 2.1 kutoka sakafu iliyokusudiwa. Halafu sakafu ya gereji ikaja kunyanyuliwa maji yasiingie, na mlango wa kuviringisha ukafungwa ndani ya uwazi uleule, ukala sentimita 20 hadi 30 nyingine. Kilichobaki hakipitishi Noah yenye kerea juu, seuze Prado. Pima kutoka sakafu iliyomaliziwa mpaka kitu cha chini kabisa kinachoning'inia, mlango ukiwa umefunguliwa wote.

Mteremko wa kuingilia uangalie kwa macho ya bampa. Kila sentimita 10 za kupanda zinahitaji walau mita 1 ya urefu; mteremko ukikatwa mfupi zaidi, gari la chini linakwaruza mbele likiingia na nyuma likitoka. Mteremko ukielekea ndani bila mfereji mlangoni, masika gereji inakuwa bwawa.

Kuna jambo la hatari ambalo dalali hataligusia. Gereji yenye mlango wa kuingilia jikoni au koridoni ni raha siku ya mvua, lakini usiache injini inanguruma humo huku mlango mkubwa umefungwa, hata kwa dakika za kupasha gari moto. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inapenya chini ya mlango kuingia walikolala watoto. Jenereta hivyohivyo: umeme ukikatika, linakaa nje, mbali na madirisha.

Panya nao wanaipenda gereji kuliko wewe. Injini yenye joto, giza, maboksi ya mwenye nyumba: wanajenga kiota juu ya betri na kutafuna nyaya. Gereji isiyo na kitu ndani zaidi ya gari ina panya wachache. Mfuko wa pumba za kuku ukae kwingine.

Ukivuka hayo yote, hii ndiyo inayomfaa anayesafiri wiki nzima na kuacha gari, mwenye gari mbili, au mwenye vifaa vya kazi ndani ya gari. Kwa mwingine, mara nyingi unalipia chumba ambacho utaanza kukitumia kama stoo na wewe.

Banda la mabati ndani ya fensi yako

Huu ndio mpango unaostahili kuangaliwa kwanza na mtu mwenye gari moja. Geti ni lako, ufunguo ni wako, unatoka saa unayotaka. Jua la mchana haliunguzi dashibodi wala kuua rangi. Hata usipokuta banda, fensi yenye nafasi ya mita 3 kwa 6 inatosha kulijenga.

Likiwepo, likague kwa bisibisi. Nguzo za mirunda huliwa na mchwa pale zinapoingia ardhini, na juu zinaonekana nzima kabisa. Choma bisibisi usawa wa ardhi, ikizama hiyo nguzo imekwisha. Banda halina kuta, kwa hiyo upepo unaingia chini na kulisukuma juu. Misumari ya bati iliyolegea na kuzungukwa na kutu inamaanisha bati limeshaanza kupigapiga, na litashuka juu ya gari. Angalia pia maji ya paa la nyumba yanamwagikia wapi. Nyumba isiyo na gata (mfereji wa maji ya paa) ikiegemezewa banda ukutani, maji yote ya upande ule yanashukia bati lako, na ardhi chini ya gurudumu inachimbika.

Muulize mwenye nyumba: banda hili ni la nani? Mara nyingine lilijengwa na mpangaji anayeondoka, na siku ya kuhama anang'oa bati zake. Ana haki. Bora umnunulie kuliko kuanza upya.

Ukilijenga mwenyewe, la mita 3 kwa 6 linachukua bati 8 au 9 za mita 3 (bati la migongo likishapandana linafunika kama sentimita 70 hadi 75), nguzo 6 za bomba la chuma, tatu kila upande, zikiwa zimezamishwa sentimita 60 kwenye zege. Hela hiyo ikubaliwe kwa maandishi kabla ya fundi kuanza, iwe inakatwa kwenye kodi inayofuata au unaondoka na banda lako. Makubaliano ya mdomo kuhusu bati huisha mwenye nyumba anapofariki au anapouza.

Kama hakuna banda na gari litakaa chini ya mti, chagua mti. Mwembe ukizaa unadondoshea boneti; mkorosho una utomvu unaoacha alama; ndege wa miti yote miwili wana vinyesi vinavyokula vanishi visipooshwa siku hiyohiyo. Chini ya mnazi usiegeshe hata kwa dakika tano.

Geti: mita 3 ni ya chini kabisa. Lakini upana wa geti hausomwi peke yake, unasomwa pamoja na upana wa njia iliyo mbele yake. Njia ikiwa mita 4 na kuna ukuta wa jirani mkabala, hutaingia kwa kona moja kwenye geti la mita 3. Utakwenda mbele na rivasi mara mbili tatu kila jioni. Hapo geti la mita 3.5 au 4 ndilo linalokaa sawa. Na mbawa za geti zifunguke kwa ndani bila kugonga banda wala simtanki. Kosa hilo ni la kawaida kuliko unavyodhani.

Geti la pamoja

Hapa bei huwa ya unafuu, mlinzi mnachangia, na usiku kuna macho mengi. Wengi wanaanzia hapa, na wengi wanahamia hapo penye ugomvi bila kujua, kwa sababu walikwenda kuangalia nyumba Jumanne saa sita mchana, magari yote yakiwa mjini.

Nenda Jumapili saa tatu usiku. Hesabu milango ya nyumba, hesabu magari, hesabu nafasi ambazo gari linaweza kusimama bila kuziba jingine. Nyumba sita, magari matano, nafasi nne: wewe unakwenda kuwa gari la sita. Dalali atasema "mtapangana". Mtapangana kweli, ila mpangaji mpya ndiye anayepangwa.

Mpango wa uwanja unakuwa wa namna tatu. Wa kwanza, nafasi zina namba au kila mtu mbele ya dirisha lake: chukua bila wasiwasi. Wa pili, kila nyumba ina "upande wake" lakini magari yanasimama nyuma na mbele, moja likiliziba jingine. Wa tatu, anayewahi ndiye anayechagua. Katika huo wa tatu kuna mzaha mchungu: aliyerudi wa mwisho usiku ndiye anayewaziba wote, na mara nyingi ndiye anayeamka wa mwisho.

"Mama Juma, shikamoo, samahani kwa usumbufu, Baba Juma ameamka? Nimezibwa." Sentensi hiyo ukiisema dirishani saa kumi na moja alfajiri mara mbili kwa wiki, ujirani hauvuki miezi sita. Baba Juma naye atatoka na kanga kiunoni, atasogeza gari bila neno, na jioni hatajibu salamu.

Dawa ipo, na haihitaji mwenye nyumba. Kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji, kila mmoja aandike usiku kabla ya kulala saa anayotoka kesho. Anayetoka mapema ndiye anayesimama karibu na geti. Wengine hubadilishana funguo za akiba. Hilo la pili ni jepesi kwa majirani wanaoelewana na ni balaa kwa wasioelewana, maana bampa likikwaruzwa hakuna anayekiri. Kabla ya kulipa, ongea na mpangaji mmoja bila dalali kuwepo, umuulize wanatokaje asubuhi. Akicheka kabla ya kujibu, muulize zaidi.

Geti lenyewe lina saa zake. Mahali pengi linafungwa saa nne usiku, na swali ni nani ana ufunguo. Anayeendesha gari la abiria kwa programu ya simu na kurudi saa nane usiku anahitaji nakala yake mwenyewe, iliyotajwa kwenye mkataba, vinginevyo anakuwa mtu wa kupiga honi, na honi ya saa nane inajulikana mtaa mzima. Watoto wanacheza mpira uwanjani, kamba za nguo zinapita juu ya maboneti. Hayo ni maisha ya pamoja. Asiyeyaweza aongeze hela apate geti lake.

Kulaza gari kwa kulipia: piga hesabu na miguu

Nyumba isiyo na nafasi ya gari inaonekana rahisi mpaka uijumlishe. Chukua mfano: nyumba yenye banda inakodishwa Sh 300,000 kwa mwezi, na ya jirani isiyo na nafasi Sh 200,000. Kulaza gari uwanja wenye mlinzi, tuseme Sh 2,000 kwa usiku, ni Sh 60,000 kwa mwezi. Bado una nafuu ya Sh 40,000. Lakini uwanja uko mbali kidogo, na alfajiri hutembei gizani. Bodaboda ya Sh 1,000 kwenda na Sh 1,000 kurudi kwa siku 26 za kazi ni Sh 52,000. Jumla Sh 312,000. Umelipa zaidi ya mwenye banda, na unarudi na mifuko ya sokoni kwenye bodaboda huku gari lako limelala kwingine.

Hesabu inageuka uwanja ukiwa dakika tano kwa mguu kutoka mlangoni. Hapo bodaboda inatoka, na mpango unakuwa na maana, hasa kwa anayeendesha siku chache kwa wiki na kulipia usiku huo tu.

Pa kulaza huwa ni sheli, uwanja wa gesti au baa, au kiwanja chenye fensi na mlinzi. Uliza geti linafunguliwa saa ngapi asubuhi, mlinzi ni yupi Jumapili, na unapewa nini kama ushahidi kwamba gari limeingia. Karatasi yenye namba ya gari, tarehe na sahihi inatosha. Bila hiyo, siku vioo vya pembeni, betri au kontrolboksi vikiondoka, utaambiwa gari lilikuja hivyohivyo. Piga picha vioo, taa na ndani ya boneti wiki ya kwanza. Uwanja wa baa una mwanga na watu, lakini pia una magari yanayopiga rivasi saa saba usiku yakiendeshwa na waliokunywa.

Kwa kuangalia mara moja

| | Gereji ya ukuta | Banda la mabati, geti lako | Geti la pamoja | Kulaza kwa kulipia |
|---|---|---|---|---|
| Kutoka saa kumi na moja alfajiri | Hakuna kizuizi | Hakuna kizuizi | Inategemea aliyekuziba | Inategemea mlinzi na miguu yako |
| Jua na mvua | Salama | Jua salama, mvua ya upepo inafika | Mara nyingi wazi | Mara nyingi wazi |
| Wizi wa vifaa | Mdogo | Unategemea fensi na taa | Mdogo usiku, mikwaruzo mchana | Mkubwa bila karatasi |
| Kinachokosewa | Kimo cha mlango, vitu vya mwenye nyumba | Nguzo zilizoliwa, upana wa geti | Kuangalia mchana | Kusahau nauli ya bodaboda |
| Anayefaa | Msafiri, mwenye vifaa au gari mbili | Familia yenye gari moja | Anayetoka baada ya saa mbili asubuhi | Anayeendesha siku chache, jirani na uwanja |

Umeme na maji vinaingiaje hapa

Nyumba yenye geti lako huwa pia na taa za nje, pampu ya kisima na pengine kijumba cha uani alichopangishwa mtu mwingine. Vyote hivyo vinaweza kuwa vinakula LUKU yako. Kama mita iko ukutani, zima kila kitu ndani, chomoa friji, kisha simama mbele ya mita. Kitaa chekundu kikiendelea kumetameta, kuna mtu au kitu kinachovuta umeme wako. Fuata waya.

Kabla hujalipa kodi, nunua umeme kidogo kwa namba ya mita hiyo na usome ujumbe unaorudi. Humo kuna deni la mita kama lipo, na kuna kodi ya jengo, ambayo tangu Julai 2023 ni Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mita isiyonunuliwa umeme kwa miezi kadhaa hulimbikiza, na ununuzi wako wa kwanza unaweza kukatwa yote kwa mkupuo. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Kwa miezi sita ni Sh 9,000, mkubaliane inakatwa kwenye kodi ya nyumba. Ni hela ndogo, lakini mwenye nyumba anayegoma hapo anakuonyesha atakavyokuwa bomba likipasuka.

Maji ya DAWASA upande huu yanatoka mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, lakini ukaribu wa mtambo haukuhakikishii maji kila siku. Familia ya watu watano inayotumia lita 60 hadi 80 kila mmoja inamaliza simtanki la lita 1,000 chini ya siku nne. Gari kwa ndoo ni lita 60, ndoo tatu. Kwa mpira ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Kwenye geti la pamoja ambako bili ya maji inagawanywa kwa vichwa, asiye na gari anakuangalia ukishika mpira, na mwisho wa mwezi atalisema kwenye kikao. Osha kwa ndoo, au peleka kwa vijana wa kuosha magari barabarani.

Kilichoandikwa kuhusu gari

Mikataba mingi inayouzwa steshenari na kujazwa kwa kalamu haina neno gari hata moja. Ongeza kwa mkono, pande zote mbili mtie sahihi pembeni ya maneno hayo:

"Mpangaji ana haki ya kulaza gari moja katika nafasi iliyo mbele ya dirisha la jiko, upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, kwa muda wote wa mkataba, bila malipo ya ziada. Mpangaji atapewa ufunguo mmoja wa geti na anaruhusiwa kuingia na kutoka saa yoyote. Mwenye nyumba hataweka vitu wala kumpa mtu mwingine nafasi hiyo."

Taja vipimo na alama ya mahali. "Paking ipo" iliyoandikwa kwenye mkataba ni ileile iliyosemwa na dalali. Gereji ya ukuta itajwe kama chumba, sawa na jiko na sebule, na iandikwe kwamba inakabidhiwa tupu. Sahihi ziwekwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wakili. Mwenyekiti ana faida ya ziada: anajua kama aliyekaa mbele yako kweli ndiye mwenye nyumba, au ni mdogo wake aliyeachiwa funguo.

Fedha za kuingia ziandae zote. Kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa dalali, kwa nyumba ya Sh 300,000, ni Sh 2,100,000 siku moja. Kabla hazijatoka mfukoni, liingize gari lako mpaka linapolala, lizime, fungua milango yote minne, kisha litoe kwa rivasi mwenyewe, mwenye nyumba akiangalia. Kama geti lazima lipanuliwe au tofali la kona litolewe, hapo ndipo pa kulisema.

Siku ya funguo, piga picha sakafu ya gereji au pevingi ya uwanja. Madoa ya oili ya mpangaji aliyepita yatahesabiwa kuwa yako ukiondoka, na pevingi iliyonywa oili haitoki kwa sabuni. Mtumie mwenye nyumba picha hizo kwa WhatsApp jioni hiyohiyo, pamoja na namba zinazosomeka kwenye mita ya maji, halafu utandike boksi chini ya injini kwa usiku mmoja uone kama gari lako nalo linavuja.